Kusalimia tu

*Kikundi cha ukoo, Jumamosi usiku*

Shangazi Igawilo: Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Tusa mmefika? Mgeni umemrudisha mzima?

Tusa: Shikamoo shangazi. Tumeingia saa moja hii. Yuko mzima, na jogoo wake.

Shangazi Igawilo: Marahaba. Jogoo?

Tusa: Bibi kampa. Kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba, kapakatwa kuanzia Mwakaleli mpaka stendi ya Nane Nane, Mbeya. Konda akataka jogoo alipiwe nauli. Mgeni akamuuliza, "Siti yake ipi?" Coaster nzima ikacheka, konda akaenda kudai wengine.

Anko Kyela: 😂😂😂 huyo keshakuwa mwenyeji

Mama Gwakisa: Mimi ndiyo kwanza nafungua simu. Nani kaenda wapi?

Lugano: Yule Mjerumani wa misheni anayefundisha muziki shuleni kwao Tusa. Alikuwa anauliza watoto wa bweni wanatoka nyumba za namna gani. Tusa akamwambia maneno hayatoshi, twende kwa Bibi Jumamosi ukaone.

Anko Kyela: Picha basi

Mama Gwakisa: Ndiyo, picha

Tusa: Hamna. Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji alimwambia piga tu, watoto wamezoea. Akajibu, "Wanizoee kwanza mimi." Simu ikakaa mkobani kutwa. Ninayo moja niliyopiga mwenyewe, ya kitabu cha wageni.

Anko Kyela: Safari ya kutwa unatuletea picha ya daftari

Tusa: Subiri uone kilichoandikwa. Isongole ukungu ulikuwa mzito, magari yote taa. Katumba tukaingia Noah ya Mwakaleli, tumebanana mpaka dereva anapishana na goti la mtu kwenye gia. Mbele bodaboda, na tope la Mei mnalijua. Tukaanzia ofisi ya kijiji, maana Babu alisema tusipite kimyakimya.

Tusa: Mtendaji katoa kitabu. Jina, unakotoka, cheo, madhumuni ya safari, saini. Kwenye madhumuni mgeni kaandika KUSALIMIA. Mtendaji kasoma. Kavaa miwani, kasoma tena. Kisha ananiangalia mimi, mgeni hamtazami: "Mwalimu, hapa huwa tunaandika mradi."

Tusa: Nikasema hana mradi. "Kanisa limemtuma?" Kaja kwa nauli yake. "Anakagua nini?" Hakagui. "Basi aandike kutembelea wadau." Mgeni akauliza kwa heshima, wadau ni akina nani? Mtendaji akafunga kitabu, akasema haya, karibuni sana 😂

Lugano: 😂😂 wadau

Anko Kyela: Mnacheka, lakini hapo mmepoteza. Mzungu kafika mpaka mezani kwa mtendaji, kaulizwa mradi kwa mdomo, na jibu ni kusalimia? Darasa la tano pale shuleni kijijini linavuja tangu nasoma mimi, tulikuwa tunahama na madawati. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kapona nani leo?

Shangazi Igawilo: Methali unaijua upande wa bati tu.

Mama Gwakisa: Anko ana hoja. Elimu bila ada ipo tangu 2016, ila bati, chakula cha mchana na mlinzi bado ni michango ya wazazi, na mzazi mwenyewe anasubiri bei ya parachichi. Lakini mimi nilifundisha kule, wageni wenye miradi nimewapokea. Kuna waliotuletea tanki kubwa la maji, bango lenye majina yao, nyimbo, picha. Hakuna aliyeuliza kama paa lina gata. Halikuwa nalo. Mvua ya Rungwe inapita milimita 2000 kwa mwaka, yote ikamwagika chini na tanki likakaa kavu pembeni. Mpaka nahama lilikuwa ghala la mahindi ya mwalimu wa zamu.

Anko Kyela: Sasa gata si wangenunua wenyewe

Mama Gwakisa: Nani? Kila aliyeulizwa alisema wafadhili watarudi kumalizia.

Lugano: Na pipi je

Mama Gwakisa: Usinikumbushe. Walizirusha kutoka dirishani kama wanalisha kuku. Baada ya hapo kila gari likipita, hata la mkaa, watoto wanalikimbilia.

Shangazi Igawilo: Tusa, nataka ya Bibi. Alimpokeaje?

Tusa: Shangazi, Bibi alimpima. Kamweka jikoni kwenye kigoda, kampa kisu na ndizi mbichi amenye. Mnajua mtu anajipaka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande. Bibi hakusema, akawa anachochea moto huku anamwangalia kwa pembeni. Ndizi ya tatu vidole vyeusi, kisu hakitoki mkononi, moshi unamtoa machozi na kujifuta hawezi. Hakunyanyuka. Akaendelea mpaka sinia likajaa. Bibi alicheka akajishikilia ukutani, ndipo akaleta kopo la mafuta akamsugua mwenyewe kidole kwa kidole. Toka hapo ni "mwanangu" kila sentensi.

Shangazi Igawilo: 😂😂 Mama huyo! Mimi siku ya kuletwa kuposwa alinifanyia hivyohivyo shangazi yake mume wangu.

Tusa: Tukala zile ndizi, mbalaga, na maharage, maziwa mgando juu. Bibi anauliza, kwenu mna ng'ombe? Mgeni akajibu, "Baba yangu anao, zaidi ya mia." Bibi kaweka kijiko chini. "Na hujaolewa?"

Anko Kyela: Ng'ombe mia 🙌 Lugano unasikia?

Lugano: Anko naomba uniache

Mama Gwakisa: Na shuleni Jumamosi mlimkuta nani?

Tusa: Darasa la saba tu, wana masomo ya ziada kwa ajili ya mtihani wa Septemba. Mwalimu mkuu kasema wamuulize mgeni maswali. Mwanzo kimya, halafu mvulana wa nyuma: "Mwalimu, shule ya kijijini kwenu nayo inavuja?"

Tusa: Akasema haivuji, ilifungwa. Wakashangaa. Akawaeleza kwamba anatoka Ujerumani ya mashariki, na nchi ilipoungana 1990 vijana wengi walihamia magharibi kutafuta kazi, watoto wakapungua, shule nyingi za vijijini zikafungwa kwa kukosa wanafunzi. Jengo lao lipo, paa zima, vioo vizima, hamna mtu. Darasa likakaa kimya, mwalimu mkuu naye kimya. Yule mvulana akasema, "Si uchukue wa kwetu? Dawati letu tuko wanne."

Shangazi Igawilo: Jamani.

Tusa: Alicheka lakini aligeukia ubaoni kidogo. Kisha akawafundisha wimbo wa kupokezana kwa sauti tatu. Wakaukamata mara moja, wakamfundisha wa kwao, huo ndio uliomshinda.

Anko Kyela: Mazuri yote hayo. Paa bado linavuja.

Lugano: Babu yuko hapa pembeni, nimemsomea kuanzia juu. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze:

Lugano: "Hamjambo wote. Tusa umefanya vema kupita ofisini. Sasa wewe wa Kyela. Wamisionari wa kwanza hawakuja kusalimia, walikuja na mpango, hatukatai. Mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake Wamoraviani walipita Ziwa Nyasa wakapanda mpaka Rungwe. Mwaka huohuo wakaingia wa misheni ya Berlin, Alexander Merensky akiwaongoza, wakashika upande wa mashariki. Mwakaleli ni yao, ndiyo maana ni kwa Walutheri, msije mkasema Wamoraviani tulifika kila mahali. Shule zikaanza, babu yangu akajua kusoma.

Lugano: "Vita vikaja. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia, Wajerumani wakachukuliwa mateka, nyumba za misheni zikabaki bila wenyewe. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi ya leo, walikuja kusaidia baadaye, na Wajerumani walirudi miaka ya 1920. Katikati hapo nani aliongoza ibada? Nani alishika chaki? Walimu wetu na wazee wetu, na mshahara haukuwepo. Baba yangu alifundishwa na mmoja wao, alikuwa akitoka darasani anashika jembe. Hilo darasa unalosema linavuja, ungeambiwa na huyo mwalimu kwamba linangoja mgeni, angekuchapa."

Lugano: Kamaliza. Anaomba chai.

Mama Gwakisa: Shikamoo Babu 🙏

Anko Kyela: Shikamoo Babu. Mimi sikusema tuombeombe, nilisema nafasi

Tusa: Anko, mgeni mwenyewe aliliona lile paa. Tulipokuwa tunashuka aliniuliza kama kamati ya shule imeshakaa kulijadili. Nikasema sijui. Akasema niulize, wakiwa na mpango wao atachangia kama mtu mmoja, jina lake lisiandikwe popote.

Shangazi Igawilo: Basi uliza. Mwenyekiti wa kamati ni yule jirani yake Bibi, namba yake ninayo. Na sisi tulioketi kwenye lile darasa tuko wangapi humu?

Mama Gwakisa: Mimi nilifundisha, nihesabuni.

Lugano: Kama mweka hazina nafungua daftari. Anko Kyela wa kwanza, maana ndiye aliyeleta hoja. Bati ngapi?

Anko Kyela: Mtandao huku unasumbua

Shangazi Igawilo: Unasumbua kwenye bati, kwenye ng'ombe mia ulikuwa safi.

Anko Kyela: Haya, kumi. Ila fundi nitamchagua mimi, na gata ziwekwe siku hiyohiyo

Lugano: Kumi. Geji 28 au 30?

Anko Kyela: 30 si bei nafuu

Mama Gwakisa: 30 ni nyepesi, upepo wa kule utaipeleka Kyela ikusalimie.

Lugano: Nimeandika 28.