Walimu wa poka, acheni kuwakaririsha wanagenzi kwamba jozi ya ree haitupwi

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha na leo naomba niseme. Yapo makundi ya mtandaoni yanayouza mafunzo ya poka isiyo na kikomo cha dau, ambako mwanagenzi hulipa ada, kisha hukaririshwa kwamba akishika ree mbili au wafalme wawili mkononi asizitupe, yaani asijitoe kwenye mzunguko, liwalo na liwe. Fundisho hili linawafilisi watu, na wanaolitoa wanajua hivyo.

Juzi nimeshuhudia kwa macho yangu. Kijana mmoja aliyepitia mafunzo hayo alipata ree mbili, akapandisha dau hadi 4,000, na watu wanne wakamfuata, hivyo mezani pakawa na 20,000. Zikafunuliwa mezani karata tatu za kwanza kati ya tano ambazo kila mchezaji huziunganisha na mbili za mkononi mwake: 9 ya shupaza, 8 ya shupaza na 7 ya uru. Kijana akaweka 15,000. Wa pembeni yake akapandisha hadi 60,000, na mzee mmoja, ambaye tangu jioni alikuwa akitupa karata zake karibu kila mzunguko, akasukuma mbele mtaji wake wote, 200,000 kamili. Kijana hakuzitazama tena zile karata tatu. Aliingiza zote papo hapo. Mzee alikuwa na jeki na 10, mfululizo (karata tano zinazofuatana) uliokwisha kukamilika, na yule wa kwanza alikuwa na 8 tatu. Mwalimu wake alipopigiwa simu, alijibu kwamba mwanafunzi amecheza sawasawa ila amekosa bahati.

Hilo si suala la bahati hata kidogo! Kabla ya karata za mezani, hakuna mkono unaozidi ree mbili: hupatikana kwa wastani mara 1 katika 221, na dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Wapinzani wakiwa wanne, kama ilivyokuwa kwa kijana huyu, idadi hiyo hushuka hadi takriban 56. Karata tatu zikishafunuliwa, ree mbili hupata ree ya tatu kwa takriban asilimia 12 tu. Nyakati nyingi nyinginezo hubaki kuwa jozi moja, ambayo hushindwa na jozi mbili, utatu au mfululizo. Kwenye 9, 8 na 7, jeki na 10 peke yake inaweza kushikwa kwa njia 16, na utatu wa mojawapo ya karata hizo kwa njia 9, kabla hujahesabu 6 na 5, 10 na 6, au jozi mbili za 9 na 8. Hata asiye na chochote kilichokamilika, akisubiri shupaza (ili atimize tano za aina moja) na mfululizo kwa pamoja, anaweza kuwa na nafasi inayozidi nusu.

Jambo wasilolifundisha kabisa ni ukubwa wa mtaji. Mtaji wako ukiwa mara mbili ya fedha zilizopo mezani, kuingiza zote kwa ree mbili kunaweza kutetewa hata hapo. Ukiwa mara kumi, kama wa kijana huyu, na watu wawili wamekwisha kupandisha dau mbele yako, unatupa. Mezani pangekuwa na mfalme, 7 na 2 za aina tofauti, ningemwambia aendelee kudai fedha, kwa sababu hapo ni mikono michache mno inayomshinda.

Na hili halibagui wageni wa mchezo. Mwaka 1988, katika fainali ya mashindano ya dunia ya poka huko Las Vegas, Erik Seidel aliingiza chipu zake zote akiwa na jozi ya malkia, mmoja mkononi na mwingine mezani, wakati mezani palikuwa na malkia, 10 na 8, na Johnny Chan alikuwa amekamilisha mfululizo wake tangu karata tatu za kwanza, akakaa kimya akimsubiri.

Sasa ninyi mnaouza mafunzo hayo, na mnajijua, njooni mjibu hapa hapa: mtu ambaye hajapandisha dau jioni nzima anaingiza 200,000 juu ya dau lililokwisha kupandishwa, kwenye 9, 8 na 7, akiwa na karata zipi ambazo ree mbili zinazishinda? Ziorodhesheni tuzihesabu pamoja. Na yule kijana mrudishieni ada yake.