Mrejesho: yule kuhe tulimrudisha, sangala tukamla

Wakuu, wale mnaokumbuka niliuliza mgeni wangu akinasa samaki wa rekodi huku Kigoma tumrudishe au tumle, maana yeye anataka kuachia na bamdogo mwenye boti anasema kumwaga kitoweo ziwani ni kufuru. Mrejesho ndo huu.

Kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, alipatikana, mkubwa haswa. Kilichoniamulia ni kwamba kuhe baba na mama wanalinda watoto pamoja, sa ukimtoa mmoja msimu wa kulea vile vitoto vinaliwa fasta, af jike kubwa ndo lenye mayai mengi. Na mgeni hakuhitaji maiti kwa ajili ya rekodi, IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, wana rekodi za urefu, unampima kwenye rula yao, picha, anarudi majini mzima. Tukalowesha mikono, tukampima, akaondoka kwa nguvu zake. Bamdogo alinuna mpaka Kibirizi.

Ila sangala ilikua kesi nyingine. Alivutwa toka kina kirefu, tumbo limevimba hewa, macho yametoka, ukimwachia anaelea tu juu anasubiri ndege. Huyo kumrudisha ni kujifurahisha nafsi, mi nikasema aliwe, mgeni akakubali bila ubishi.

Waliosema eti kurudisha samaki mmoja hakuna maana, mbona ziwa lilifungwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024 ili samaki wazaliane na tukavumilia wote?

Bamdogo kachukua kichwa cha sangala, anasema hiyo ndo fidia ya kuhe wake. Safari ijayo keshasema bei ya boti inapanda kama kuna kuachia.