Kuhamisha Debian kutoka kadi ya SD hadi flashi ya ndani ya BeagleBone Black

Swali (Mfugaji_Umeme)

Ndugu wanajukwaa, ninayo BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja) ya toleo la zamani, yenye flashi ya ndani (hifadhi iliyomo kwenye bodi) ya GB 2 na mfumo wa Ångström, aina ya Linux. Ninataka kuweka Debian 10, aina nyingine ya Linux, kwenye flashi hiyo, kwa kuwa bodi itasimamia mashine ya kuangulia vifaranga, na nafasi ya kadi nimeitenga kwa ajili ya rekodi za joto. Nimeiandika imeji (faili la mfumo mzima) kwenye kadi ndogo ya SD, nikaichomeka, lakini kila nikiwasha inafunguka Ångström ile ile. Hata nikishikilia kitufe kilicho karibu na kadi huku nikibonyeza riseti, hakuna kinachobadilika. Je, kadi ni mbovu?

Jibu (Fundi_Bodi)

Ndugu, kadi huenda ni nzima kabisa. Ndani ya prosesa ya AM3358 kuna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, isiyofutika, na ndiyo inayoamua mfumo usomwe kutoka wapi. Kwa kawaida huanza na flashi ya ndani, na kadi huifikia endapo ndani hakuna kitu cha kuwashia. Kwa hiyo U-Boot (programu inayofungua mfumo) ya zamani iliyokuja na Ångström ndiyo inayoshika usukani, na haielewi mpangilio wa imeji mpya. Kitufe S2, kile kilicho karibu na kadi, hugeuza utaratibu huo, ila hali yake husomwa umeme unapoingia tu, wala si wakati wa riseti. Chomoa umeme kabisa, shikilia S2, rudisha umeme, kisha uachie taa zikianza kuwaka.

Ukishaingia Debian, toa amri ya `lsblk`, inayoorodhesha hifadhi zote. Kifaa kinachoandamana na `mmcblk1boot0` na `mmcblk1boot1` ndicho flashi ya ndani, kwa maana kadi ya SD haina sehemu hizo. Kisha fungua faili la `/boot/uEnv.txt` na uondoe alama ya # mwanzoni mwa mstari huu, unaoiamuru bodi inakili mfumo kwenye flashi ya ndani:

`cmdline=init=/opt/scripts/tools/eMMC/init-eMMC-flasher-v3.sh`

Zima bodi, uiwashe tena ukishikilia S2. Taa nne za buluu zitakimbizana kwenda na kurudi muda wote wa kunakili. Usiguse umeme mpaka bodi ijizime yenyewe. Kabla ya kuiwasha tena, toa kadi, la sivyo kazi yote itaanza upya.

Jibu (Mwalimu_wa_Maabara)

Ninakubaliana na maelezo hayo, ila kuna mambo mawili ninayosisitiza. Kwanza ni umeme: tumia adapta ya volti 5 yenye uwezo wa angalau ampea 1 kwenye tundu la duara, badala ya kutegemea waya wa USB wa kompyuta, kwa sababu umeme ukilegea katikati ya kunakili, flashi hubaki na mfumo nusu. Pili ni ukubwa: kwa flashi ya GB 2 chagua imeji ndogo isiyo na mazingira ya picha, kwani zile kubwa zimekusudiwa bodi za GB 4.

Ikiwa bado haiwaki, unganisha waya wa siriali wa volti 3.3 kutoka kompyuta hadi pini sita za J1 ili usome ujumbe wa bodi, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Ukiona herufi C zikijipanga mfululizo, prosesa haijapata kitu cha kuwashia popote.

Mfugaji_Umeme

Nawashukuru sana, wakuu. Nimechomoa umeme kama mlivyoelekeza na Debian imefunguka kutoka kwenye kadi. Sasa ninatafuta adapta kabla ya kunakili. Je, baadaye kadi hii hii inaweza kutumika kwa rekodi?

Fundi_Bodi

Inaweza, lakini ifute yote kwanza kwenye kompyuta na uiumbize upya. U-Boot iliyo ndani huitazama kadi kabla ya kufungua mfumo, na ikikuta ule mstari wa `uEnv.txt` bado upo, itaandika upya flashi yako pamoja na mipangilio yote ya mashine.