Ugonjwa wa mwaka 165 uliliathiri vipi jeshi la Roma?

Mwana_Uyole:
Wakuu, hapa kijiweni Uyole kuna ubishi. Jamaa anadai Marcomanni, kabila la Kijerumani la ng'ambo ya mto Danube, waliingia Italia kwa uzembe wa makamanda wa Kirumi. Mimi nasema ni maradhi yaliyotoka kwenye vita vya mashariki. Jeshi la lejioni karibu 30, kila moja askari kama elfu tano, linayumbishwaje na homa?

Tabibu_Mstaafu, Iringa:
Kijana, nilikuwa tabibu jeshini mpaka nastaafu. Macho mekundu nimeyaona yakihama kitanda hadi kitanda, hanga zima likafunga macho kabla ya paredi. Kwa hiyo usianze na idadi ya maiti, anza na hema. Warumi walilala wanane hema moja, wakala pamoja. Galen, tabibu wa zama zile, anaeleza homa, kuhara na vipele vyeusi, na wataalamu wengi wanaona ni ndui. Ndui hukaa mwilini wiki nzima na zaidi kabla ya homa kupanda. Askari wa Lucius Verus, mmoja wa wafalme wawili wa Roma, waliteka Seleucia, mji wa Waparthi kule mashariki, wakarudi na nyara zao mpaka kambi za Danube, wengine tayari wanaumwa.

Halafu lipo pengo. Akifa askari mwenye miaka kumi ya kazi, utaweka kuruta wa juzi? Marcus Aurelius, mfalme mwenzake Verus, aliandikisha watumwa, wapiganaji wa viwanjani, hata majambazi wa Dalmatia! Akanadi vyombo vya ikulu apate fedha za vita. Karibu mwaka 170, Marcomanni wakaizingira Aquileia, mji wa kaskazini mwa Italia.

Ticha_Mbalizi:
Shikamoo afande. Tusikuze mno, lakini. Danube ilikuwa imeshapunguziwa askari ili waende mashariki, hapo jamaa wa kijiweni ana hoja. Na jeshi halikuvunjika: Marcus anafariki mwaka 180, askari wake wamepiga kambi ng'ambo ya mto, kwenye ardhi ya Marcomanni wenyewe.

Tabibu_Mstaafu, Iringa:
Marahaba mwalimu. Kushinda walishinda, ila iliwachukua zaidi ya miaka kumi. Majira ya baridi ya 168 kuamkia 169 jeshi lilikuwa Aquileia, ugonjwa ukalipukia humo humo. Wafalme wote wawili wakaondoka, Verus akafia njiani. Galen alikuwepo, na anasema wengi hawakuuawa na ugonjwa peke yake, baridi nayo iliwamaliza. Mtu wa Makete hahitaji kuelezwa hilo. Mwambie jamaa yako atutajie kamanda ambaye angepanga vita na kambi ya namna hiyo.