Naomba ushauri: wasifu na tawasifu za Kiswahili za watu wasio viongozi

Ndugu wasomaji wenzangu, naomba mnishauri kuhusu wasifu na tawasifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, hasa zile ambazo wauza vitabu wa maduka madogo huwapendekezea wateja kwa kuwa wamezisoma wenyewe. Nimekwisha kusoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, ambao kwangu unaishinda hata tawasifu yake mwenyewe kwa uchangamfu, pamoja na Mzee Rukhsa cha aliyekuwa Rais wa Tanzania, hayati Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka mwaka 2021. Viongozi wananitosha kwa sasa (wengi huandika kana kwamba wanahutubia). Natafuta maisha ya wavuvi, wauguzi, walimu au wanamuziki, yaliyosimuliwa na wenyewe. Je, ni duka gani Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa linaloweka vitabu vya namna hiyo, hata vilivyoadimika?