Kutyuni kompyuta ya injini: nianze kufleshi ya kiwandani au nifunge Speeduino?

PistoniNne
Wakuu, gari ni la petroli, silinda 4, halina turbo, injini haijaguswa. Nataka kujifunza kutyuni, yaani kurekebisha mafuta na wakati wa cheche (taimingi), kwa kujifurahisha tu, si biashara. Laptopu ipo, na mita ya umeme naijua. Nianze na kompyuta iliyokuja na gari kwa kuandika upya data zake (kufleshi), au nifunge ya kujijengea kama Speeduino? Na sensa ya oksijeni ya kiwandani inatosha?

Mzee wa Nozeli
Mkuu, usiguse namba yoyote kwanza. Chomeka kifaa cha OBD2 (soketi ya kusomea kompyuta ya gari), rekodi mwendo wa dakika 20, kisha jumlisha marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta yenyewe inafanya, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yakizidi asilimia 10 juu, kuna ugonjwa. Kama ni makubwa gari likinguruma tu limesimama, na yanapungua ukipandisha mizunguko, hewa inavuja kuingia baada ya sensa ya hewa: angalia mipira na gasketi ya manifoldi. Yakiwa madogo hapo na kukua ukikanyaga, shuku pampu, chujio la mafuta au sensa ya hewa yenye uchafu. Ukityuni juu ya tatizo hilo, siku utakayoziba tundu ramani yako yote (majedwali ya namba ulizoweka) itakuwa uongo.

Vifaa vya OBD2 vya bei rahisi, vya chipu ya ELM327, vinatosha kusoma. Kufleshi navyo, hapana.

Waya Mwekundu
Kuhusu sensa: nyingi za kiwandani, hasa za magari ya zamani, ni narobendi. Inaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi na kukuambia tu uko upande gani wa 14.7 kwa 1 (uzito wa hewa kwa wa mafuta). Ukikanyaga hadi mwisho, injini yako inataka karibu 12.5 hadi 13, na huko sensa hiyo ni kipofu. Nunua waidibendi, inayopima uwiano wenyewe, mfano Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake.

Nati yake ichomelewe kabla ya masega ya ekzosi (kisafisha moshi), sensa ikiinuka angalau digrii 10 juu ya usawa ili maji yasiingie. Usiwashe injini sensa ikiwa ndani lakini haina umeme wa kuipasha moto, itakufa mapema. Na ekzosi isivuje kabla yake. Ikivuja, hewa ya nje inaingia, sensa inadai mafuta ni machache, wewe unaongeza, plagi zinajaa masizi.

Mzee wa Nozeli
Kwenye swali lako kuu naegemea ya kiwandani, mradi kuna programu inayoifungua; si zote zinafunguka. Hifadhi faili la asili sehemu mbili kabla ya kitu kingine. Wakati wa kufleshi unga chaja imara, betri isishuke chini ya volti 12.5, zima taa na feni. Umeme ukiyumba katikati, kompyuta inaweza kubaki tofali, isiwake tena.

Waya Mwekundu
Hapo mzee tunatofautiana kidogo. Speeduino (inakaa juu ya Arduino Mega 2560, unaitumia kwa TunerStudio) inakufundisha zaidi kwa sababu hakuna kinachofanyika bila wewe. Ila gari lisiwe la kutegemea kila siku. Eathi za sensa zirudi kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye bodi ya gari, la sivyo ishara ya krenki itajaa kelele na injini itakosa moto ovyo.

Kosa linaloua injini ni hili: funga taimingi kwenye programu iwe digrii 10, kisha pima pulini kwa taa ya taimingi. Taa ikisoma 16, rekebisha pembe ya triga (mahali programu inapodhani krenki ipo), si jedwali la taimingi.

Mafuta ni hesabu tu. Zima marekebisho ya oksijeni, injini iwe imefikia joto lake la kawaida. Kisanduku cha jedwali la VE (jinsi silinda zinavyojaa hewa) kina 60, umepima 13.9, unataka 12.8: 60 × 13.9 ÷ 12.8 = 65. Andika, rudia.

PistoniNne
Asanteni. Na taimingi yenyewe je?

Mzee wa Nozeli
Iache mwisho. Digrii 1 kwa wakati, mzigo mdogo kwanza, na ukisikia injini ikigonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) rudisha 2. Bila dyno (mashine ya kupima nguvu) hutajua kama digrii uliyoongeza imeleta nguvu, kwa hiyo kwenye injini ya kiwandani isiyo na turbo hakuna cha kukimbilia.