Hivi mawakili wakienda bungeni kupeleka maoni huwa inasaidia kitu?

Wakuu habari za Dodoma, huku vumbi tu. Mdogo wangu bodaboda wa Majengo alilala lokapu siku tatu kisa mzigo wa abiria, mama anapeleka wali kwenye hotipoti anarudi nao. Sasa naona TLS, chama cha mawakili wa Tanganyika, nao wana maoni kwenye miswada, najiuliza wanasikilizwa au wanakunywa chai tu?

Mgogo_wa_Area_C: Pole mkuu. Hiyo ni kazi yao kisheria, sheria iliyounda TLS inawataka waisaidie serikali na mahakama kwenye mambo ya sheria. Kusikilizwa ni jambo lingine.

Wakili_mtaani: Tusikate tamaa jamani. Mwaka 2022 kiliingia kifungu cha 131A kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yani mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ukitoa makosa makubwa, na hicho kilio cha "upelelezi bado" mawakili wamekipigia kelele miaka na miaka. Halafu 2023 ikaundwa Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ila dhamana bado ngoma nzito, 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kifungu cha 148(5) cha sheria hiyohiyo, kile kinachozuia dhamana kwa baadhi ya makosa, hakivunji Katiba, kwahiyo kesi ya utakatishaji fedha unasota tu. Huyo dogo saa 24 za kukaa polisi bila kufikishwa mahakamani zilipita, mlidai dhamana ya polisi?

Mleta mada: Hatukujua kama inadaiwa, tulikuwa tunabembeleza.

Mama_Alizeti: Dah, na wali juu 😂